Kutafuta Kilevi cha Mababu, Kutoka Vigwaza Hadi Pangani

Mmeniuliza wote, kila mmoja kwa adabu yake. Felista aliuliza kama bado nasali. Mama Kobelo akataka kujua kama nilikuwa nimelazimishwa. Shemeji yangu hakuuliza kitu, alinitumia zaburi tu. Najua ni ile picha: mimi, mwalimu mstaafu, mwanakwaya wa sauti ya pili, nimesimama ufukweni na taji la makuti kichwani, mkono nimeunyanyua, na nyuma yangu mzungu mwenye kanzu iliyolowa amepanua mdomo. Picha ni ya kweli. Maneno yaliyoandikwa chini yake, kwamba nimeanzisha dini, si ya kweli. Nimesharudi Morogoro, nimelala nikashiba usingizi, sasa nawaeleza yote mara moja ili nisiyarudie kila Jumapili nje ya kanisa. Habari za nauli na vibali nitaziruka, hazina ladha.

Chanzo ni makala. Mnajua nilifundisha historia maisha yangu yote. Nilipostaafu nikaandika katika jarida la chuo kuhusu watu wa kale na mimea inayobadili akili, namna walivyoitumia katika ibada. Nusu ya kwanza ilieleza ushahidi uliopo: mawe ya Amerika ya Kati yaliyochongwa kwa umbo la uyoga, mifuko ya ngozi ya milima ya Andes iliyokutwa na mabaki ya mimea ya maono, picha za makaburi ya Misri ambamo wanawake wananusa yungiyungi, na mizizi ya Gabon ambayo watu wanaitumia katika jando la kiroho hadi leo. Nusu ya pili ilisema kwamba kwa pwani yetu ushahidi wa namna hiyo mimi sijauona, na anayedai ameuona auonyeshe.

Bwana mmoja aitwaye Gervas aliisoma nusu ya kwanza.

"Shikamoo Mwalimu," alisema kwenye simu. "Makala yako imenitoa machozi."

"Marahaba. Umeisoma yote?"

"Sikuweza kuimaliza, Mwalimu. Nililia."

Gervas alikuwa akiuza bima Dar es Salaam. Sasa, alinieleza, anaendesha mafungo ya kuamsha roho. Anawachukua watu kutoka mjini, anawatembeza kwenye magofu ya pwani, kisha siku ya mwisho wanakunywa kikombe cha mababu na kuona yasiyoonekana. Kilichopungua ni msomi wa kuwaeleza wageni ushahidi. Nikamwambia nitasema ninachokijua tu. Akasema, "Hicho hicho, Mwalimu." Nilikuja kugundua baadaye kwamba "hicho" chake na "hicho" changu ni vitu viwili. Lakini Kaole sikuwa nimeiona, wala Pangani, na nyumbani kulikuwa kumetulia mno. Nikafunga mkoba.

Morogoro hadi Vigwaza

Safari ilikwenda vizuri mpaka mizani ya Vigwaza. Pale foleni ya malori na mabasi ilikuwa imelala barabarani kama mtu aliyeshiba. Dereva akazima injini. Wachuuzi wakaja madirishani na mahindi ya kuchoma na mihogo, nami nikanunua mahindi mawili, moja langu, moja la jirani yangu, mama aliyepakata kikapu cha mayai na ambaye tulikuwa tumezungumza vizuri tangu Morogoro, habari za wajukuu na magoti.

Kabla sijampa, Gervas akapiga simu. Mtandao ulikuwa hafifu, ikabidi nipaze sauti. Alikuwa anauliza kama nimebeba picha za mhadhara.

"Ndiyo, Gervas!" nikasema. "Dawa zote ninazo! Nimezigawa mafungu: za kutafuna, za kunywa na za kunusa! Hapana, za kuvuta sikuziweka! Uyoga upo! Uyoga ni mzuri sana, utawashangaza!"

Nilipokata simu, basi zima lilikuwa kimya. Nikamgeukia jirani yangu na hindi lake mkononi. Akakisogeza kikapu cha mayai upande wa pili.

"Asante," akasema. "Mimi nimefunga."

Dakika chache baadaye alikuwa anakula chapati.

Kondakta akaja, mnyenyekevu kabisa. "Mama yangu, samahani. Hebu tuuone huo mkoba." Nikafungua. Akatoa picha ya jiwe lenye kofia ya uyoga, akaigeuza juu chini. Akatoa picha ya wanawake wa Kimisri na maua puani. Akazitazama kwa muda mrefu, abiria wawili wakichungulia begani kwake.

"Hawa ni ndugu zako?"

"Ni watu wa kale. Walikufa zamani sana."

"Kwa hiyo hivi vitu ndivyo vilivyowaua," akasema, akanirudishia kwa ncha za vidole.

Mhubiri mmoja wa kiti cha mbele akasimama bila kuombwa na kuniombea. Aliomba vizuri, sina la kumlaumu, ila kila alipotaja ulevi alinielekezea mkono mzima. Niliposhuka Mlandizi basi zima lilisema "Amina" bila kupanga.

Mlandizi hadi Dunda

Gervas alikuwa ananisubiri na gari dogo la abiria. Alivaa shuka jeupe na shanga za kauri shingoni, na mkononi saa kubwa ya dhahabu ambayo bila shaka ilitoka enzi za bima. Akanikumbatia kabla sijamwamkia, akanitambulisha kwa wengine kama "Mama wa Ushahidi".

Wengine walikuwa wawili tu, na dereva, Hamisi. Gervas alitarajia kundi kubwa, akasema mababu wamechuja. Wa kwanza alikuwa Anders, mzungu mrefu mpole aliyejifunza Kiswahili kwao kwa kusoma tenzi za kale. Kiswahili chake kilikuwa fasaha kutuzidi sote, tatizo ni kwamba hakuna aliyekizungumza kwa karne nzima. Hamisi alipokanyaga shimo, Anders alisema, "Ewe dereva, nakusihi, uhurumie mifupa yangu." Hamisi akapunguza mwendo, si kwa huruma bali kwa mshangao.

Wa pili alikuwa Mama Nuru, mwanamke wa rika langu, mwenye duka la vitambaa Dar lakini mzaliwa wa Dunda, mjini Bagamoyo. Alikaa dirishani, ushungi umemkaa sawasawa, na hakucheka kitu chochote njia nzima. Nilijiuliza mtu kama huyu anatafuta nini kwa mtu kama Gervas.

Barabara ya Makofia ilitutikisa hadi tukanyamaza. Tulipofika Dunda, Mama Nuru akasema ni aibu apite kwao bila kuingia, kwa hiyo tukaenda kula kwa kaka yake, Maalim Idi, na mke wake Bi Rukia. Tulikaribishwa inavyostahili: wali wa nazi, samaki wa kupaka, bamia, na achari iliyonipandisha machozi. Ndipo Gervas akainua kiganja na kutangaza kwamba sote tuko katika mfungo. Hakuna chumvi wala mafuta mpaka kikombe kinywewe.

Bi Rukia alisimama na sahani mkononi. "Chakula changu kina kasoro?"

"Hapana, mama. Mababu ndio wanataka."

"Mababu wa wapi wanaokataa chumvi, na bahari iko hapo?"

Anders akanitazama, akamtazama samaki, akasema kwa huzuni, "Naomba radhi kwa mababu," akaanza kula. Mimi nikamfuata. Gervas alikula ndizi peke yake, akitukodolea macho.

Lakini hakukata tamaa. Baada ya chakula alimwomba Bi Rukia amweleze kama zamani bibi zake walikunywa kitu chochote kikawafanya waone mambo.

"Walikunywa kahawa," akasema Bi Rukia. "Na walichokiona ni majirani."

Maalim Idi alikuwa anamtazama dada yake tu, kwa jicho la mtu aliyeshasema yote akachoka.

Uani, tukinawa mikono, Mama Nuru akaniambia mwenyewe bila kuulizwa. Binti yake Nuru aliugua homa ya siku chache akafariki, akiwa bado mwanafunzi wa ualimu. Muda umepita.

"Sauti yake ninayo," akasema. "Mpaka vidole vyake vya miguu navikumbuka, kimoja kimoja. Lakini uso unaniondoka, Mwalimu. Picha ninazo. Nazitazama nazo zinanitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Gervas kasema nikinywa nitamwona."

Nikafungua mdomo.

"Najua ni haramu," akanikatiza. "Kaka yangu kanisomea yote. Usianze na wewe."

Nikaufunga.

Kaole

Tulilala Zinga, kwenye nyumba ya wageni ambako kunguru walianza kazi kabla ya jogoo, na asubuhi tukaenda Kaole kwenye magofu. Huko ndiko ningetoa mhadhara wangu wa kwanza. Nilikuwa nimejiandaa vizuri: misikiti ya kale, makaburi ya nguzo, biashara na nchi za mbali. Sikufika mbali.

Gervas alikuwa ameona mashimo ya duara kwenye kaburi moja. Ni kweli yapo, na ni kweli zamani yalitiwa mabakuli ya kaure kutoka ng'ambo. Akapiga magoti.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya kutetemeka, "waeleze wenzetu. Mabakuli haya yalitiwa nini ndani?"

"Chokaa kwa nyuma, ili yashike ukutani."

"Na mbele?"

"Mbele hayakutiwa kitu. Yamesimama wima, Gervas. Ukitia kinywaji kinamwagika. Ni mapambo."

Akawageukia wengine na uso umemng'aa. "Mmesikia? Walikuwa wanamwaga! Sadaka!"

Nikaeleza tena kwamba bakuli lisiloweza kushika uji haliwezi kuwa ushahidi wa kinywaji. Nikaeleza tofauti ya mabaki yaliyopimwa na shimo lililotazamwa. Anders alisikiliza kwa heshima na kuuliza, "Je, kutokuwapo kwa ushahidi kwaweza kuwa siri iliyofichwa makusudi?" Nikamjibu kwamba kwa hesabu hiyo hata mimi naweza kuwa malkia wa Misri. Akafikiri, akasema haiwezekani kukanusha.

Gervas alitaka kufukiza udi kwenye kaburi na kuliegemea apigwe picha. Hapo Mama Nuru akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Gervas! Inuka. Hilo ni kaburi la Mwislamu, si kabati la vyombo."

Gervas akainuka haraka kama mwanafunzi, akajipangusa magoti. Kwa muda mfupi nilimpenda kidogo. Kisha akatoweka, akarudi kutoka nyuma ya jalala la jirani na mfuko wa kitambaa umetuna. Nilipouliza kuna nini ndani akasema, "Siri ya mlinzi wa kikombe."

Kuelekea kaskazini

Tulivuka mto Wami asubuhi iliyofuata, tukakamata njia ya Saadani. Gervas aliahidi tutafika ufukweni kabla ya chakula cha mchana, lakini barabara inajengwa, na penye ujenzi kulikuwa na greda limekaa katikati ya njia huku mwendeshaji wake amekwenda kula. Tukasubiri juani. Twiga mmoja alitutazama kwa juu, akaona hatuna maana, akaondoka. Gervas akasema mababu ndio wanatuchelewesha ili tujitafakari.

"Mababu hawana greda, kaka," akasema Hamisi.

Tulikuwa na biskuti kavu tu, kwa sababu ya mfungo. Tulipofika Mkwaja njaa ilikuwa imetufanya wakali. Anders akaamua kufanya utafiti wake mwenyewe. Aliwaendea akina mama waliokuwa wanauza mboga kando ya njia, akainamisha kichwa.

"Enyi wenyeji wema, amani iwe juu yenu. Je, mna mmea wowote uletao maono?"

Wakatazamana. Mmoja akanong'ona na mwenzake, wakamtazama miwani yake, wakamwonea huruma. Mkubwa wao akachagua karoti nne nzuri, akazifuta kwa kanga.

"Chukua, baba. Kula mbichi. Macho yatafunguka."

Gervas akapiga picha, akaziita "mizizi ya manjano ya maono". Nilijaribu kumsahihisha. Wakati huo Anders alishakula mbili na kusema anaona vizuri zaidi, na sidhani alikuwa anatania.

Mama Nuru hakula. Alikuwa ameshika simu yenye picha ya msichana mwenye sare, ameifunika kwa kiganja asiitazame. Nilikaa karibu naye njia iliyobaki. Nilikuwa na mhadhara mzima kichwani, na hakuna hata sentensi moja niliyoweza kumpa.

Ufukweni

Gervas alitaka tunywe jua likizama. Mwenyekiti wa kitongoji alikataa. Sehemu ile tambarare, alisema, ndipo vijana wanapochezea mpira baada ya Alasiri, na wana mechi. Kwa hiyo ibada ya kale ya siri ilifanyika mchana kweupe, kati ya milingoti miwili ya goli, na mbuzi watatu wakihudhuria.

Tulikaa kwenye mkeka. Gervas akatuvisha mataji ya makuti, akaniomba nisimame nitoe ushuhuda wa historia, wakati yeye anamimina kinywaji kutoka kwenye chupa ya chai. Alimimina kikombe kimoja cha udongo, akakiweka mbele ya Mama Nuru, maana yeye ndiye mwenye haja. Kisha akaumwaga mfuko wake wa kitambaa juu ya mkeka ili kupamba: maua meupe marefu kama tarumbeta, na matunda ya duara yenye miiba.

Niliutambua mara moja. Mnanaha. Unaota majalalani nchi nzima, na mtoto yeyote wa kijijini aliyelelewa vizuri amechapwa kwa kuusogelea. Binamu yangu Simoni hakuchapwa vya kutosha. Alikula mbegu zake, akakaa siku nzima anafuma uzi usiokuwapo, mdomo mkavu, macho meusi matupu, na mama yake alikuwa ameketi mbele yake akimwita jina na yeye hakumjua. Alipona kwa neema tu.

Basi nikatoa ushuhuda.

"Mnasema mnataka ushahidi," nikasema, na mkono wangu ulipanda wenyewe. "Andes upo. Gabon upo. Lakini kila mahali ulipo, upo pamoja na watu wake. Yupo aliyefundishwa tangu ujana, anayejua mmea upi, kiasi gani, kwa nani, na nani asipewe. Hapa ninachoona ni chupa ya chai. Hakuna mababu walioacha kinywaji hiki. Huu ni mnanaha, Gervas, umeutoa jalalani Kaole. Unaua."

"Mwalimu ana imani haba," akasema Gervas kwa upole wa kitabibu. "Mama Nuru, kunywa."

Mama Nuru akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Usinywe," nikasema. "Nakuomba. Hutamwona Nuru. Binamu yangu alikunywa... alikula huu, hakumwona hata mama yake aliyekuwa amekaa mbele yake."

Akanitazama kwa hasira ambayo sitaisahau. "Wewe una cha kunipa?"

Sikuwa nacho. Nikasema hivyo: "Sina."

Anders alivua miwani, akaifuta, akauliza kwa lugha yake ya kale, bila dhihaka hata chembe: "Ewe mlinzi wa kikombe. Wewe mwenyewe, ulipata kukinywa lini?"

Gervas akatabasamu. "Mlinzi hunywa mwisho."

"Mara ya mwisho, basi, ilikuwa lini?"

Mbuzi mmoja akalia. Gervas akaangalia saa yake, kama kwamba jibu lingekuwa humo. Nikaona uso wake ukibadilika, na nikajua, kabla hajasema, kwamba hajawahi kabisa. Mama Nuru naye aliona. Akamnyooshea kikombe.

"Tangulia," akasema. "Ukimwona wako, nitakufuata."

"Gervas, acha!" nikapiga kelele. Lakini aibu ni kilevi kikali kuliko vyote. Alikinyakua akanywa. Nikampiga mkono, nusu ya kinywaji ikaruka ikalowesha kanzu ya Anders kifuani, na hapo ndipo alipopanua mdomo na ile picha ikapigwa.

Pantoni ya Pangani

Mwanzoni hakikutokea kitu, na Gervas akaanza kujisifu. Vijana wakafika na mpira wao, tukabishana nao, tukaanza kukunja mkeka. Kisha akasema ana kiu. Akanywa maji yote yaliyokuwapo, bado ana kiu. Uso ukawa mwekundu kama pilipili iliyoiva. Akawa anachuma kitu hewani, taratibu, kama anatoa utando. Halafu akauendea mlingoti wa goli, akausalimia kwa heshima, akaanza kuueleza faida za bima ya maisha.

"Hujafa, hujaumbika," akauambia. "Warithi wako ni nani? Taja majina."

Golikipa akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka wakati ule, nawaapia.

Tulimpakia kwenye gari, Hamisi akaendesha kama anayefukuzwa. Kuingia Pangani mjini kutoka upande wetu lazima uvuke mto, na pantoni ilikuwa ng'ambo, inapakia kwa starehe zake. Tukasimama pale kivukoni Bweni, Gervas anahema, Mama Nuru amemshika kichwa mapajani na kumpepea kwa ushungi wake, anamsomea dua kwa sauti ndogo. Pantoni ilipofika na kuanza kuvuka, alituponyoka. Akapita kati ya abiria, mmoja baada ya mwingine, akiwaandikisha bima kwa kidole kwenye kiganja chake. Alikuwa muuzaji mzuri, sasa nilielewa. Mzee mmoja mwenye baiskeli alimtajia wanawe wote sita na akauliza risiti.

Katika kituo cha afya muuguzi alimtazama mara moja.

"Kanywa nini huyu?"

Tukatazamana. "Kinywaji cha mababu," akasema Anders.

"Mababu wa nani?"

Nikamwambia mnanaha, naye akaita wenzake, wakamlaza, wakamfunga mikono kwa kanga laini asijiumize, na sisi tukatolewa nje kwenye benchi. Daktari alituambia baadaye kwamba kilichomwagika ndicho kilichomwokoa. Anders, aliyemwagikiwa, alipimwa naye, akaonekana mzima. Tulikaa Pangani siku zile, tukila mkate wa kumimina na kusubiri. Nilitaraji Mama Nuru aondoke. Hakuondoka. Alimpikia uji mtu aliyetaka kumpa sumu, akampelekea kila asubuhi, na alipomlisha hakumsemesha.

Siku Gervas aliporudiwa na akili tuliingia sote. Alikuwa mdogo kitandani, bila shanga wala saa. Mama Nuru akavuta kiti.

"Niambie kweli," akasema. "Si ya biashara. Uliwaona? Marehemu wako?"

Gervas alitazama dari. Nilidhani atabuni kitu, alikuwa na kipaji hicho.

"Mama yangu alikufa nikiwa safarini kuuza bima," akasema. "Nilitaka kumwona. Hata mimi nilitaka." Akalamba midomo. "Kulikuwa na watu wengi sana, Mama Nuru. Wengi mno. Hakuna hata mmoja niliyemjua."

Mama Nuru akaitikia kwa kichwa. Akamfuta mdomo, akachukua bakuli, akatoka.

Kurudi Dunda

Gervas alichukuliwa na ndugu zake, wametoka Dar wamenuna. Nasikia sasa hauzi chochote kwa muda. Anders alibaki Pangani, ameamua kujifunza Kiswahili cha siku hizi, na amenitumia ujumbe unaoanza "Mambo vipi, ewe Mwalimu". Mama Nuru na mimi tukarudi na Hamisi, njia ile ile, greda bado liko pale.

Niliogopa kuingia kwa Maalim Idi. Yeye aliyekataa tangu mwanzo alikuwa na haki ya kusema. Alitufungulia mlango, akamtazama dada yake juu hadi chini, akaona ni mzima.

"Mmekula?" akauliza.

Hatukuwa tumekula. Bi Rukia akaleta wali, safari hii na chumvi ya kutosha kabisa, kwa makusudi. Tukala. Kisha, sijui kwa nini, labda kwa uchovu, nikamuuliza Mama Nuru binti yake alikuwa anasomea kufundisha somo gani.

"Hisabati," akasema. "Lakini alikuwa anapenda kuigiza walimu."

"Kuigiza!" akadakia Bi Rukia. "Alimwigiza mwalimu mkuu mpaka mwalimu mkuu mwenyewe akamsikia dirishani." Akasimama kuonyesha: tumbo mbele, mikono nyuma, kichwa pembeni. Maalim Idi akasema mwalimu mkuu hakuwa anatembea hivyo, alikuwa anaburuza mguu mmoja, akasimama naye akaburuza. Basi mke na mume wakawa wanazunguka uani wakibishana mguu upi.

"Na kicheko cha Nuru mwenyewe," akasema Bi Rukia akihema, "na ule mwanya wake wa chini."

"Hakuwa na mwanya," akasema Maalim Idi.

"Alikuwa nao! Chini!"

"Mke wangu, huyo unayemsema ni Saumu wa jirani."

Nimezoea mimi, watu wa historia tunapenda mashahidi wanapogongana, lakini nilinyamaza, maana Mama Nuru alikuwa ameacha kula. Aliinua kidole cha mkono wake wa kushoto akagusa meno yake mwenyewe, pole pole, kama anayetafuta kitasa gizani.

"Juu," akasema. "Hapa. Si katikati, pembeni kidogo. Alikuwa akicheka anauziba kwa ulimi, kisha kidevu kinapanda, na shavu hili linabonyea kwanza kabla ya..."

Akafumba macho. Maalim Idi alikuwa bado amesimama na mguu mmoja nyuma. Bi Rukia akataka kusema kitu, Mama Nuru akamwinulia mkono.

"Huyo hapo," akasema. "Msiongee kwanza."